Kiti, Kitabu na Mgongo Wangu

Kila Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri, baba yangu alikuwa akinibebea kiti. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane, mume wa mtu na karani bandarini Kilindini, na yeye alikuwa ameshapita sabini. Alikitoa ukumbini kwetu, mtaa wa Kuze, akakiweka begani miguu ikitazama juu, tukashika njia ya msikitini, yeye mbele na mzigo wake, mimi nyuma mikono mitupu. Asiyejua habari angesema mwana huyu hana haya. Waliojua nao walisema hivyo hivyo.

Kiti kilikuwa cha kusalia. Mgongo ulinigomea mwanzoni mwa miaka ya tisini, ofisini, siku niliyoinama kuokota karatasi ya kaboni iliyoniponyoka. Kuinama niliinama, kuinuka ndiko kulikonishinda. Wenzangu walinitoa pale mezani nikiwa bado nimepinda, wakanipakia garini vivyo hivyo. Daktari akanipa vidonge, akanikataza kubeba kitu, akaniambia nifanye mazoezi mepesi, na mazoezi gani hakusema. Tangu hapo nikawa nasali juu ya kiti, mwisho wa safu, ukutani, mahali pa wazee waliochoka, na baba ubavuni pangu. Rukuu yangu ilikuwa kuinamisha kichwa, na sijida yangu kukiinamisha zaidi kidogo. Watu wote wakishuka pamoja, mimi nilibaki juu peke yangu nikitazama nyayo za waliokuwa mbele, na uchungu nilioupata pale haukuwa wa mgongo. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, paji la uso wangu liguse mkeka tena.

Baba alikuwa mshona kofia. Miaka hamsini alikaa kitako juu ya jamvi, miguu ameikunja, kofia gotini na sindano mkononi, na sikumsikia hata siku moja akilalamikia mgongo. Mimi alinisomesha ili nisikae chini kama yeye. Nikasoma, nikapata kazi ya kukaa kitini, na kiti kikanivunja. Mtu mwenye hasira angesema hayo ni makosa ya baba, na hasira nilikuwa nazo tele.

Kilichonichoma zaidi ni ile safari yenyewe. Kutoka kwetu mpaka msikitini ni mwendo wa dakika tano. Pamoja na baba ilikuwa robo saa na zaidi, kwa sababu hakuweza kupita baraza hata moja, pale watu wanapokaa mbele ya nyumba, bila ya kusimama. Alitua kiti chini, akashika kiegemeo chake kwa mikono miwili, akaanza.

"Salaam aleikum. Hali zenu?"

"Aleikum salaam. Hali njema, alhamdulillahi. Na kiti leo tena?"

"Cha mwanangu. Yuwaumwa na mgongo, masikini. Hawezi kusujudu."

Hapo kila mtu akawa tabibu. Huyu alisema nikandwe kwa mafuta ya simsim, yule mafuta ya nyonyo, wa tatu alikuwa na shemeji yake Lamu aliyeumwa hivyo hivyo na hakupona mpaka leo. Mimi niko pale pale, nimesimama, nazungumzwa kana kwamba sipo. Tukimaliza baraza hiyo, hatua ishirini mbele ipo nyingine. Kabla ya mwezi kwisha, Kuze nzima ilijua ni pingili gani ya mgongo wangu iliyoteguka, na wengine walinionyesha kwa kidole.

Nilimwambia baba, kwa adabu zote nilizokuwa nimebaki nazo, kwamba si lazima kila mtu ajue. "Wakijua watakuombea dua," akanijibu, akatua kiti mbele ya muuza halua. Nikamwambia basi tukiache kiti msikitini. Akasema kitu kikishaachwa msikitini ni cha msikiti, na hicho ni kiti cha mamako.

Aliyeniingiza katika yoga ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la bizari karibu na soko la Markiti. Mizigo yake ilipitia mikononi mwangu bandarini, na siku niliyompelekea karatasi zake aliniona nikikaa upande upande. Akaniuliza, nikamweleza, maana kueleza mgongo wangu ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya pili. Yeye akatoka nyuma ya mizani, akasimama katikati ya magunia ya pilipili, akainama mpaka viganja vyake vikalala sakafuni, mbele ya wateja wake, na kunizidi alinizidi miaka ishirini.

"Kila alfajiri," akasema alipoinuka. "Yoga. Nusu saa."

"Hiyo si ibada?" nikamuuliza.

"Kwangu mimi ni mambo yangu. Kwako wewe itakuwa mgongo. Wautaka mgongo au huutaki?"

Nikasema nautaka. Akapanda ngazi, akanishukia na kitabu chembamba cha Kigujarati kilichokuwa cha babake, majalada yote mawili yamekwenda, kurasa zimeshikwa na uzi. Kila ukurasa ulikuwa na picha nne za mtu mwembamba mwenye masharubu, amevaa kaptula, anajikunja. "Maneno huyahitaji," akaniambia. "Fuata picha. Anza mwanzo, juma moja ukurasa mmoja, na usiruke hata mmoja." Kisha akaenda zake Bara Hindi kwenye arusi ya jamaa zake, akakaa karibu miezi mitatu.

Usiruke hata mmoja. Neno hilo nililishika kwa mikono miwili.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nikatandika mkeka ukumbini, nikafungua kitabu. Na ukurasa wa kwanza yule mwenye masharubu alikuwa amesimama juu ya kichwa chake, miguu imenyooka kuelekea darini. Nikatazama vizuri. Picha ya pili yake ameikunja miguu, ya tatu ameishusha, ya nne amepiga magoti ametulia. Nikasema kumbe yoga yaanza hivi, kwa taabu, halafu mtu hupumzika. Nikamshukuru Mungu nikaanza kutafuta njia ya kukifikisha kichwa changu chini, na hapo ndipo hamaki ziliponipanda kwa mara ya kwanza. Mtu anayeweza kuweka kichwa chini hana haja ya kitabu.

Nilijaribu juma zima. Niliweka mito mitatu nikainama juu yake, haikufaa. Niliegemea ukuta, chokaa ikanimwagikia shingoni. Siku ya sita nikapata akili: nikalala kitandani kifudifudi, nikajiteremsha upande wa kichwa polepole mpaka utosi ukagusa mto uliokuwa sakafuni, miguu yangu ikabaki kitandani. Nikahesabu kwamba hiyo ni nusu ya picha. Kisha nikataka kurudi, nisiweze. Kikoi kilikuwa kimenishukia usoni, sioni kitu, nasikia tu vikombe vikigongana, na mke wangu akaingia na chai.

Nilimsikia akiweka sinia chini.

"Wafanyani?" akauliza.

"Mazoezi."

"Daktari si alisema mepesi?"

Akanivuta miguu, nikarudi kitandani vipande vipande. Siku hiyo sikwenda kazini.

Juma la pili yule bwana wa kitabuni alikuwa ameuweka mguu wake nyuma ya shingo. La tatu alisimama kwa mikono miwili, mwili wote hewani, na uso wake haukuonyesha shida yoyote. Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu aliye hai. Hata hivyo kila Jumamosi nilifungua ukurasa mwingine kama nilivyoambiwa, niwe nimefaulu au sikufaulu, na kufaulu sikufaulu hata mmoja. Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Kila nilivyozidi kwenda mbele, mambo yalizidi kulegea. Ukurasa wa saba alikuwa amekaa tu anajipinda ubavu. Wa kumi alikuwa amelala chali amelikumbatia goti. Nikajidanganya kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiendelea, ilhali mgongo ulizidi kuwa mbaya na nilikuwa nateremka ngazi kinyumenyume.

Na Ijumaa ziliendelea. Baba alizidi kuchelewa. Zamani alitua kiti kwa watu aliowafahamu, sasa alikitua kwa kila mtu, hata kwa wageni walioulizia njia. Siku moja alikitua mbele ya duka lililofungwa, hapana mtu, hapana hata paka. Nikamuuliza twamngoja nani.

"Huenda akatoka," akasema.

Tukasimama tukautazama mlango ule. Adhana ilikuwa imeshaanza. Nilisema moyoni kwamba mzee wangu sasa ameanza kuzeeka akili, na nilisema kwa uchungu, si kwa huruma.

Yule mzee wa bizari aliporudi nilikwenda dukani kwake na kitabu mkononi, roho imenipanda, nimeshapanga maneno yangu njia nzima. Nikamwambia kitabu chake hakifai, kimeniharibia mgongo uliokuwa umebakia, na kwamba nimefuata picha ukurasa kwa ukurasa bila kuruka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "N'onyesha ulipoanza."

Nikakiweka kitabu juu ya magunia, nikakifungua. Nikakifungua upande wa kulia, kama nilivyofungua juzuu yangu ya kwanza katika chuo cha Kurani nikiwa na miaka minne, na msahafu, na vitabu vyote vya maulidi nyumbani kwetu, na kama nilivyowaona jirani zetu wakifungua vitabu vyao vya Kiurdu, vyote husomwa kutoka kulia. Vitabu vya Kiingereza na vya Kiswahili tulivyosomea skuli vilikuwa jambo lingine, mkono ulivijua. Lakini maandishi haya sikuyajua, hata tarakimu zake sikuzijua, na mkono wangu haukuniuliza mimi. Ulikwenda kulia.

Mzee akamtazama yule bwana aliyesimama juu ya kichwa. Akanitazama mimi.

"Bwana karani," akasema, "huo ndio mwisho wa kitabu."

Sikuelewa. Akakigeuza, akakifungua upande wa kushoto, akapitisha kidole juu ya picha, kutoka kushoto kwenda kulia. Nikaona mtu amepiga magoti, anainama, anainua miguu, anasimama juu ya kichwa. Kumbe hata picha zenyewe nilizifuata kinyume. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu nikijifunza namna ya kushuka mahali ambapo sikuwahi kupanda.

"Babangu alifanya yoga maisha yake yote," mzee akasema. "Ukurasa ule hakuufikia."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliagiza chai mbili, akanifungulia ukurasa wa kwanza wa haki, ambao mimi nilikuwa nikiuona kwa mbali nikidhani ndio zawadi ya mwisho. Katika picha zote nne mtu mwenye masharubu alikuwa amekaa chini, amefumba macho, basi.

"Huyu afanyani?"

"Yuwapumua."

"Na baadaye?"

"Baadaye hapana. Mwezi mzima yuwapumua. Nawe vilevile."

Nilitoka dukani nimefura. Kupumua nakujua tangu nilipozaliwa, sikuhitaji kufunzwa na mtu mwenye kaptula. Lakini sikuwa na njia nyingine, na zaidi ya hapo niliona haya, kwa hivyo nikaanza. Kila alfajiri nililala chali juu ya mkeka, magoti nimeyainua kwa kuwa kukaa kama yule bwana sikuweza, mkono mmoja tumboni, nikavuta pumzi na kuitoa. Mzee alikuwa ameniambia nizisikilize, zinapoanza na zinapokwisha, nisizikimbize. Siku ya tatu nililala usingizi. Siku ya tano nilifanya hesabu za kontena kichwani mwangu. Mke wangu alipita, akaniruka, akarudi.

"Leo umefanyani?"

"Nimepumua."

"Hongera," akasema, akaenda jikoni.

Sitasema nilipenda. Ilinichosha, ilinikera, na juma la nne niligundua kwa hasira kwamba ninaweza kuvaa soksi bila ya kushika ukuta. Mwezi wa pili nikalikumbatia goti moja, kisha jingine. Wa tatu nikapiga magoti na mikono chini, nikaupandisha mgongo na kuushusha, na mifupa ikalia yote. Nilikuwa mtu mzima mwenye mhuri wa ofisi mfukoni, nikiupandisha na kuushusha mgongo wangu asubuhi kwa kufuata kitabu nisichoweza kukisoma. Baba alikuwa akirudi kutoka msikitini, akichungulia ukumbini, akipita. Nilidhani ananisikitikia.

Ijumaa moja, baada ya miezi minane au tisa, nilihisi kwamba inawezekana. Sikumwambia mtu. Baba akabeba kiti, tukatua kwa kila baraza, nikaombewa dua na kupewa dawa, tukafika. Akakiweka pale pale ukutani. Mimi nikakisogeza nyuma kidogo, nikasimama safuni begani pake, na imamu alipoinama nikainama. Kisha watu wakashuka, nami nikashuka. Magoti, mikono, halafu paji la uso likagusa mkeka. Ulikuwa na harufu ya vumbi na ya miguu ya watu, na sijapata kunusa kitu kizuri kama hicho. Machozi yalinitoka yakaanguka pale pale.

Na hapo chini ndipo nilipomsikia baba.

Nilipokuwa juu ya kiti niliona migongo tu. Sasa sikio langu lilikuwa karibu na mdomo wake, na nilichokisikia ni pumzi za mtu anayebeba kitu kizito. Zilikatika aliposhuka. Zilikatika tena alipotaka kuinuka, na magoti yake yalitoa sauti kavu, moja baada ya jingine. Tukiinukia rakaa ya pili niliuona mkono wake ukienda nyuma, unapapasa, unaushika mguu wa kile kiti kitupu, na kwa kiti kile ndipo alipoinuka. Aliushika bila ya kuutazama, maana mkono ulikuwa umeuzoea. Kila Ijumaa alikuwa akiushika, na mimi nimekaa juu yake.

Watu walipotawanyika tulikaa ngazini kuvaa viatu. Alinipa mkono, akasema alhamdulillahi, macho yake mekundu. Nikamuuliza magoti yana muda gani.

"Mwaka wa tatu," akasema.

"Mbona hukusema, baba? Mbona hukukaa wewe?"

Alifunga kiatu, akakifungua, akakifunga tena.

"Ungeniona nami niko juu ya kiti," akasema, "wewe ungekaa chako maisha. Ungesema ndiyo mambo ya nyumba yetu. Mimi mtu mzima, n'shasujudu sana. Nilikuwa nakungoja weye ushuke."

Nilikuwa nikizihesabu zile baraza kichwani, moja moja, kutoka nyumbani mpaka pale. Muuza halua. Wageni wa njiani. Duka lililofungwa, naye ameshika kiegemeo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimetembea nyuma yake karibu miaka miwili, nikiona haya, na sikuwahi kuitazama miguu yake.

Ijumaa iliyofuata nilikiwahi kiti kabla yake. Akanyoosha mkono akipokee, akasema daktari amekataza. Nikasema daktari hamjui yule mtu wa masharubu. Nikakipakia begani, na kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, cha mbao ngumu kisichotengenezwa kwa kutembezwa. Nikatoka mbele. Yeye akafuata nyuma, mikono mitupu.

Katika baraza ya kwanza mimi sikuwa nimechoka. Ningeweza kwenda mpaka msikitini bila ya kusimama. Lakini nilizisikia hatua zake nyuma yangu zikianza kuburura, nikatua kiti chini, nikamsogezea kiegemeo.

"Salaam aleikum," nikawaambia. "Hali zenu?"

"Aleikum salaam. Hali njema. Na kiti leo tena?"

"Leo tena," nikasema. Kisha nikawauliza habari za nyumbani, na za kazini, na za watoto mmoja mmoja, na za yule shemeji wa Lamu, na sikwenda mpaka niliposikia pumzi za baba nyuma yangu zimetulia.